Pampu haivuti maji

Baba mdogo ana kisima huko Mbeya, maji yako mita 12 chini. Alifunga pampu ya umeme juu, pembeni ya mdomo wa kisima. Ikanguruma, maji hakuna. Fundi akamwambia, "Mzee, hii haina nguvu, chukua kubwa." Akachukua kubwa. Nayo ikanguruma tu.

Mafundi wa Italia walikutana na hali hiyohiyo karibu miaka 400 iliyopita. Pampu zao ziliyapandisha maji hadi kama mita 10, baada ya hapo hayapandi hata wafanyeje. Galileo alilieleza tatizo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Alidhani maji yakiwa marefu mno hukatika kwa uzito wao, kama kamba. Alikosea (na mimi hunifariji kujua hata yeye alikosea).

Evangelista Torricelli aliligeuza swali. Kwake, pampu haivuti kitu. Inaondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje, kwa uzito wake, inayakandamiza maji kisimani na kuyasukuma yapande. Mkandamizo huo ndio kanieneo ya hewa. Uzito wa maji ukishalingana nao, basi, yanasimama hapo. Mrija wa mita 10 ni usumbufu, kwa hiyo akatumia zebaki, nzito mara 13.6 kuliko maji. Ilisimama kwenye sentimita 76 hivi. Hebu zidisha: unapata mita 10.3. Ni namba ileile ya mafundi!

Sasa, kama ni uzito wa hewa, mlimani lazima upungue, maana sehemu ya hewa umeshaiacha chini. Blaise Pascal, Mfaransa, akamwomba shemeji yake Florin Périer aende kupima. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer aliacha mrija mmoja mjini Clermont, mtawa akiuangalia siku nzima, akapanda mlima Puy de Dôme na mwingine. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8. Ule wa chini haukubadilika.

Kilele hicho kina mita 1,465. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, yaani juu zaidi. Huko hewa haisukumi maji kupita mita 8 na nusu hivi, hata ufunge pampu ya ukubwa gani. Baba mdogo aliiuza ile kubwa kwa hasara, akanunua ya kuzamisha majini, inayosukuma kutoka chini. Fundi mpaka leo anasema zile mbili zilikuwa feki.