Handaki Moja, Vyumba Viwili vya Amri

Asubuhi ya tarehe 24 Machi 1999, lori la Ubelgiji lililobeba unga na majarini liliingia katika handaki la Mont Blanc kutoka Ufaransa, likielekea Italia. Liliposimama karibu na katikati ya handaki hilo la kilomita 11.6, lilikuwa tayari linafuka moshi, na muda mfupi baadaye likalipuka moto uliowaka kwa zaidi ya siku mbili. Watu 39 walipoteza maisha. Tangu siku hiyo lori na majarini yake ndivyo vinavyotajwa zaidi, lakini anayefuatilia mkasa huo hatua kwa hatua ataona kwamba lori lilileta moto tu. Kilichougeuza kuwa maafa ni handaki moja kuongozwa na wakubwa wawili.

Tangu lilipofunguliwa mwaka 1965, nusu ya handaki iliendeshwa na kampuni ya Ufaransa na nusu nyingine na kampuni ya Italia, kila moja ikiwa na chumba chake cha uongozaji. Upepo siku hiyo ulivuma kutoka Italia kuelekea Ufaransa. Waitalia wakapuliza hewa safi kwa nguvu zote ili kuwanusuru waliokuwa upande wao, na hewa hiyo ikazidi kuusukuma moshi kwenye foleni ya magari yaliyokuwa nyuma ya lori, upande wa Ufaransa. Huko ndiko walikofia wasafiri wote, wengi wao wakiwa bado wamekaa ndani ya magari. Sumu ya moshi iliwaua wengi ndani ya robo saa hivi, kabla zimamoto hawajaweza kufanya lolote. Vyumba vya kujihifadhi vilikuwapo, lakini milango yake haikujengwa kuhimili moto wa siku mbili, wala havikuwa na njia ya kutokea. Pierlucio Tinazzi, mlinzi wa Kiitalia aliyeingia kwa pikipiki kuokoa watu, alifia katika chumba kimojawapo pamoja na dereva mmoja.

Wapo wanaosema tatizo lilikuwa uchakavu wa mitambo, na kwamba feni zenye nguvu zingetosha. Ni kweli mitambo ilikuwa ya kizamani, lakini feni hufuata amri: ikipewa amri isiyo sahihi, kadiri inavyokuwa na nguvu ndivyo inavyozidisha madhara. Mahakama ya Bonneville, Ufaransa, iliyotoa hukumu mwaka 2005, haikuishia kwa dereva. Ilimwachia huru mtengenezaji wa lori, na adhabu nzito kuliko zote ikamwangukia mkuu wa usalama wa handaki.

Wengine watauliza kuhusu Gotthard, handaki lililo chini ya nchi moja, Uswisi, ambako watu 11 walikufa Oktoba 2001 baada ya malori mawili kugongana. Swali hilo ni la haki. Uongozi mmoja hauzuii ajali, ila hupunguza idadi ya wanaokufa pale unapoambatana na njia ya kutorokea. Gotthard ilijengwa ikiwa na njia ya dharura sambamba na barabara, na walioacha magari mapema wakaifuata walitoka salama.

Mont Blanc ilipofunguliwa tena mwaka 2002, ilikuwa chini ya uendeshaji mmoja. Vyumba vya kujihifadhi viliunganishwa na njia iliyo chini ya barabara, zimamoto wakawekwa katikati ya handaki, na malori yakaanza kupimwa joto kabla ya kuingia. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ukatoa agizo linalohusu mahandaki ya barabara zake kuu yenye urefu unaozidi mita 500: hata handaki likivuka mpaka wa nchi mbili, chumba kimoja tu ndicho chenye mamlaka kamili kwa wakati wowote.

Kwa hiyo kila serikali inayochora handaki na iamue nani atatoa amri kabla ya kuamua zitanunuliwa feni gani. Nawe dereva, ukiona moshi handakini, usisubiri ndani ya gari. Egesha pembeni, zima injini, acha ufunguo, shuka na abiria wako, kisha ifuateni kwa miguu alama ya njia ya kutokea. Dakika hizo za mwanzo hakuna zimamoto atakayewahi kukufikia.