Ndizi ilipopewa sifa ya bure: historia ya siliaki

Ndizi kama hizi zinazoteremshwa kutoka Kinole na Matombo kuja kuuzwa Morogoro Mjini ziliwahi kuwa dawa ya hospitali huko New York. Mwaka 1924 Dkt. Sidney Haas alitangaza kwamba watoto wenye ugonjwa wa siliaki, walioharisha miezi na miezi hadi tumbo likavimba na makalio yakasinyaa, walipona kwa kulishwa ndizi. Nafuu waliipata kweli. Ila Haas aliwakataza pia mkate na nafaka, na kwa miaka mingi sifa zote zikaiendea ndizi. Aliyeonekana amepona aliruhusiwa kurudia mkate, na utumbo ukaanza kuumia upya.

Chakula kilikwishashukiwa kabla yake. Samuel Gee wa London aliandika mwaka 1888 kwamba tiba, kama ipo, imo katika mlo. Mtoto mmoja alilishwa kome wa Uholanzi kila siku akanawiri. Msimu wa kome ulipokwisha, ugonjwa ukarudi.

Aliyefumbua fumbo ni Willem Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague, ambaye tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia aliishuku ngano. Katika baridi ya 1944 na 1945 Waholanzi walikosa mkate, wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Maelfu walikufa kwa njaa, lakini watoto wenye siliaki walipata ahueni. Mkate uliporudi, kuhara nako kukarudi. Mwaka 1950 Dicke aliitaja ngano katika tasnifu yake, na punde yeye na wenzake wakaonyesha kuwa tatizo ni gluteni, ile protini inayofanya donge la chapati livutike. Mwili wa mgonjwa huishambulia, na vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula huangamia.

Ugali wa mahindi, wali na ndizi havina gluteni. Iko kwenye chapati, maandazi, na uji wa lishe uliotiwa ngano, kwa hiyo mtoto wa Morogoro anaweza kuipata tangu anapoanza uji. Akidhoofu, ni rahisi kudhaniwa ana minyoo au utapiamlo tu.

Siku hizi damu hupimwa kingamwili, kisha mara nyingi kipande kidogo cha utumbo hukatwa kwa uchunguzi. Mzazi akiondoa ngano kabla ya vipimo, kingamwili hupungua, utumbo huanza kupona, na majibu huweza kuonyesha kwamba mtoto hana ugonjwa. Basi aendelee kula maandazi yake mpaka vipimo vikamilike.