Mchafu na Akoge: Foronya Iliyozaa Mashine ya Vumbi

Ukitoka Kariakoo ukavuka Mnazi Mmoja, unaingia Mchafukoge. Jina linajieleza: mchafu na akoge. Hulikumbuka kila nionapo mashine kuukuu ya kufyonza vumbi, ile yenye mfuko wa kitambaa kwa nje.

Mfuko huo asili yake ni foronya. Mwaka 1907, mjini Canton, Ohio, Marekani, James Murray Spangler alikuwa mfagizi wa duka kubwa, naye ana pumu. Vumbi la mazulia likimbana kifua. Akaunganisha mota ya umeme, feni, mpini wa ufagio na foronya. Mwaka 1908 akapata hataza, kisha akina Hoover wakainunua.

Kitambaa hupitisha hewa, huzuia vumbi. Kikiziba, mashine haivuti, na vumbi hurudi chumbani, kifuani mwa mwanao. Basi uvue mfuko, ukaukung'ute nje, uupindue, uupige brashi ungali mkavu. Ukiulowesha na vumbi lake unapata tope. Ndipo uufue kwa mkono, maji baridi na sabuni isiyo kali, uuanike kivulini mpaka ukauke kabisa.

Usafi ni katika imani, dada. Na chombo kinachotusafishia nacho kina haki ya kukoga.