Mzamiaji wa Mwisho wa Chaplin

Niliketi kutazama A Countess from Hong Kong nikiwa wakili wake. Nilikuwa nimesoma jinsi wahakiki wa London walivyoiponda Januari 1967, nikajiambia kwamba walimwonea mzee. Kabla haijafika nusu, nilikuwa nimeshika tama.

Natascha, binti wa wakimbizi wa Kirusi, hana pasipoti. Anazamia meli Hong Kong na kujificha katika chumba cha mwanadiplomasia wa Marekani. Sophia Loren ndiye mzamiaji, Marlon Brando ndiye mwenye chumba. Mlango unagongwa, Loren anakimbilia bafuni. Unagongwa tena, anakimbia tena. Brando amenuna kama mtu aliye msibani.

Jibu jepesi ni kwamba Charlie Chaplin, mwenye miaka 77, alikuwa amepitwa na wakati. Kweli, wazo lenyewe lilikuwa la miaka ya 1930, alipokusudia kumpa Paulette Goddard nafasi hiyo. Lakini huko nyuma kupitwa na wakati hakukumdhuru. Mwaka 1931, filamu za kuzungumza zikiwa zimeshateka soko, alitoa City Lights isiyo na mazungumzo, na watu wakajaa kwenye majumba ya sinema.

Mimi kinachoniuma ni kingine. Mwaka 1917, katika The Immigrant, Chaplin aliwaweka wahamiaji kwenye meli. Wanaiona Sanamu ya Uhuru, na papo hapo wanazungushiwa kamba kama mifugo. Charlie anamtandika ofisa teke la makalio. Unacheka huku kamba ile unaihisi kifuani.

Septemba 1952 yakamkuta mwenyewe. Alikuwa melini na familia yake, safarini kwenda London, Marekani ilipofuta kibali chake cha kurejea. Akahamia Uswisi. Hakuna mwongozaji aliyejua vizuri zaidi maana ya kugeuziwa mgongo ukiwa katikati ya bahari. Miaka 14 baadaye akapiga filamu ya mtu asiye na karatasi, yumo melini, anaitafuta Marekani. Hofu hiyo yote akaigeuza mchezo wa kufungua na kufunga milango. Kamba haimo, na teke halimo.

Nadhani hapo ndipo watazamaji wa 1967 walipovunjika moyo, hata kama waliishia kulaumu mapambo na mwendo wa kizamani. Walijua alichopitia. Walimsubiri aseme.

Yeye mwenyewe anaonekana kidogo tu, akiwa mhudumu mzee aliyechafuliwa tumbo na bahari. Anafungua mlango, uso umemsawajika, anayumba, anajaribu kulinda heshima yake. Hasemi lolote. Nilicheka kwa sauti, peke yangu chumbani. Kisha mlango ukafungwa, na filamu yake ya mwisho ikaendelea bila yeye.