Makazi shirikishi

Mwaka 1967, mwandishi wa Denmark Bodil Graae alichapisha makala gazetini akidai kwamba kila mtoto anastahili kuwa na wazazi mia moja. Familia zilizoguswa na hoja hiyo zilikutana, zikatafuta kiwanja, na mwaka 1972 zikahamia Sættedammen, karibu na mji wa Hillerød: nyumba 27 zenye jengo moja la wote. Wadenmark huita mtindo huo bofællesskab. Kwa Kiingereza ulipewa jina na wasanifu majengo wawili wa Marekani, Kathryn McCamant na Charles Durrett, waliouandikia kitabu mwaka 1988. Kwa Kiswahili tuuite makazi shirikishi.

Kila familia ina nyumba yake kamili, yenye mlango wake na jiko lake, na kipato chake hakiingizwi kwenye mfuko wa wote. Kinachoongezeka ni jengo la pamoja lenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia na mashine za kufulia. Wakazi hupika kwa zamu. Siku ya zamu yako unamenya viazi vya ukumbi mzima mpaka vidole vinakunjamana. Siku nyingine unarudi kutoka kazini, unakuta meza imeandaliwa, unakula na wanao kisha unakwenda zako. Kwa mzazi anayelea peke yake, huo ni msaada mkubwa kuliko ushauri wowote. Ngazi na mashine ya kukatia nyasi havina haja ya kununuliwa na kila nyumba. Magari huachwa pembeni, watoto wakacheza katikati.

Mtu wa Dar es Salaam atasema hayo anayajua. Kwenye nyumba ya kupanga yenye korido, wapangaji hufagia ua kwa zamu, huchangia umeme wa LUKU, na mtoto wa chumba hiki hulishwa chumba kile. Ni kweli, na ujuzi huo ni hazina. Lakini pale mwenye kauli ni mwenye nyumba. Katika makazi shirikishi wakazi wenyewe huchora ramani na msanifu, na hupanga taratibu kwa kukubaliana.

Kwa nini basi tusiseme ushirika wa nyumba? Kwa sababu hicho ni chama cha kisheria cha kujenga au kumiliki, na wanachama wake wanaweza kuishi bila kupikiana hata chai. Kijiji cha ujamaa nacho kilihusu zaidi shamba na uzalishaji. Neno la kale bia, kuchanga na kula pamoja, lingefaa kuliko yote, ila leo msikilizaji atafikiria chupa.

Shirikishi tayari linatumika katika mipango shirikishi, na wasomaji wanalielewa. Wafasiri na maofisa wa nyumba walitumie hapa tu: penye nyumba binafsi, jengo la pamoja, na wakazi wanaojiendeshea mambo yao.