Mawe Yatiririkayo: Habari za Mlima Nyiragongo

Wasikilizaji, mtu akisikia habari za mlima utoao moto, mara hudhani ya kuwa mawe yayeyukayo ndani yake ni ya namna moja tu. Sivyo. Mawe hayo, ambayo wenye elimu huyaita lava, yana namna zake, na tofauti ya namna hizo yaweza kuwa tofauti ya uzima na mauti. Haya waliyajua kwa uchungu watu wakaao chini ya mlima Nyiragongo, katika nchi ya Kongo, kaskazini ya Ziwa Kivu.

Kwanza tueleze asili yake. Chini sana ya ardhi mna joto kuu, na sehemu ya mawe huyeyuka. Yakiisha kuyeyuka huwa mepesi kuliko mawe yaliyoyazunguka, nayo hupanda hata yapate upenyo. Lava nyingi ikitoka nje ina joto la digrii 1,100 hivi, na maji huchemka kwa digrii 100 tu. Lakini mwendo wake hautokani na joto peke yake. Ndani yake mna silika, kitu kile kilichomo katika mchanga mweupe na kioo. Silika ikiwa nyingi, lava huwa nzito kama ugali, hujikokota na kukatika mapande makubwa. Ikiwa kidogo, lava hukimbia kama uji mwepesi.

Watu wa visiwa vya Hawaii, waliozoea milima hii tangu zamani, wana majina mawili ambayo wataalamu wa dunia nzima wameyapokea. La kwanza ni pahoehoe. Hiyo ni lava itiririkayo kwa utulivu. Juu yake hufanyika ngozi laini, na lava ya chini ikiendelea kwenda, ngozi hujikunja kama kamba zilizosokotwa. Jina la pili ni aa. Hiyo ni lava iliyokwisha kupoa kidogo na kuwa nzito, kisha ikavutwa kwa nguvu katika mteremko. Ngozi yake hupasuka vipande vikali kama matumbawe, wala mtu hawezi kuikanyaga kwa miguu mitupu. Pahoehoe yaweza kugeuka kuwa aa njiani, lakini aa ikiisha kuganda hivyo hairudi tena kuwa pahoehoe. Na lava itokayo chini ya maji hupoa upesi kwa nje, ikafanya mafungu ya mviringo kama mito ya kulalia.

Sasa turudi Nyiragongo. Mwaka 1894 Mjerumani Graf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, aliupanda mlima huu. Kwa miaka mingi, tangu 1928 hata 1977, ndani ya shimo la kilele mlikuwa na ziwa la lava, likichemka usiku na mchana. Lava hiyo silika yake haizidi sehemu 40 hivi katika 100, kwa hiyo ni miongoni mwa lava nyepesi kabisa duniani.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka. Ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ilishuka mteremkoni kwa mwendo wa maili 35 hivi kwa saa, na hakuna mtu awezaye kukimbia hivyo. Vijiji viliangamia pamoja na watu wengi. Hata ndovu walikutwa njiani. Lava ikawafunika, ikaganda, na miili ilipooza yakabaki matundu yenye umbo lao.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena, na nyufa zikashuka hata karibu na mji wa Goma. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Lakini mjini ilikwenda polepole, na mamia ya maelfu ya watu waliwahi kuondoka kwa miguu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka mara ya tatu, usiku, bila dalili iliyo wazi kutangulia, ikasimama pembeni mwa mji.

Basi, wasikilizaji, lava ni ya mlima ule ule, lakini mwaka 1977 ilimwagika kutoka juu katika mteremko mkali, na mwaka 2002 ilitoka chini, karibu na nchi tambarare. Ajengaye chini ya mlima wa moto asiulize tu kama mlima umelala. Na aulize pia: lava yake ni nzito au nyepesi, yaweza kutokea wapi, na njia yake ya kushuka ni ipi? Jibu la maswali hayo ndilo limwambialo kama ataweza kuikimbia.