Kutembea na Kula Mji Mkongwe

Ziara ya chakula ni matembezi ya miguu ambamo mwenyeji huwapitisha wageni wachache sokoni, vibandani na vibarazani, wakionja kidogo kila kituo badala ya kukaa mahali pamoja mpaka washibe. Kwa kawaida huchukua saa chache za asubuhi au za jioni. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, unafaa mno kwa jambo hili. Vichochoro vyake vingi havipitiki kwa gari, na kutoka soko la Darajani hadi pwani ya Forodhani si mwendo mrefu.

Ziara za asubuhi huanzia Darajani, soko lililofunguliwa mwaka 1904. Upande wa samaki ndio wenye mengi. Jodari na nguru hulazwa chini, mnadi hutaja bei mbiombio, na samaki keshabadili mwenyewe kabla mgeni hajashika hata tarakimu moja. Mtembezaji mzuri hapa haharakishi. Ataeleza kwa nini pweza amejaa leo na juma lijalo ataadimika: wanaomvua, wakiwemo wanawake wa vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja, hushuka mwambani maji yakipwa, na maji hupwa mbali zaidi siku za bamvua, mwezi unapoandama au kupevuka. Mgeni aliyelielewa hilo atainywa supu ya pweza jioni kwa akili nyingine.

Meza za viungo huwavutia wageni kuliko wenyeji, na paketi nyingi zilizopangwa mbele ni za zawadi. Hata hivyo zina historia yake. Karafuu zilipata nguvu katika utawala wa Sultani Seyyid Said, karne ya 19. Kisha kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba kuu. Muhogo na pilipili vyenyewe asili yake ni Amerika, navyo vilifika pwani hii katika zama za Wareno. Zafarani haioteshwi Zanzibar, kwa hiyo mfuko mkubwa wa zafarani kwa bei ya kutupa ni wa kuutilia shaka.

Lakini chakula kinachoutambulisha mji huu ni urojo, na ziara isiyopita kwa muuza urojo mimi siihesabu. Msingi wake ni rojo la unga lililotiwa bizari ya manjano na kukolezwa kwa embe bichi, ndimu au ukwaju, jepesi kiasi cha kunyweka lakini zito kuliko supu. Muuzaji huchota bakuli, akatia viazi vya kuchemsha, bajia, kachori na pengine mishkaki au yai, akamwagia chatne ya nazi na pilipili, kisha juu kabisa akanyunyiza chipsi za muhogo. Zinatiwa mwisho ili zisilowe. Anayekula polepole huikosa ile sauti yake. Bajia na kachori ni urithi wa Wahindi, nazi ni ya mwambao, muhogo umetoka ng'ambo ya Atlantiki. Vyote vimo katika bakuli moja, na wanafunzi, makuli na makarani hulila alasiri wamesimama au wamebanana kwenye benchi. Ukimweka mgeni kwenye benchi hilo, akisubiri zamu yake kama wenzake, umemwonyesha mji kuliko maelezo ya nusu saa.

Kahawa ni somo jingine. Huuzwa chungu, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na utamu hutoka kwenye kashata au halua. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, wazee hunywa huku wakicheza bao na dhumna na kubishana siasa. Kikombe ni sababu tu ya kukaa.

Bustani ya Forodhani hufunga ziara za jioni. Ilitengenezwa miaka ya 1930 na kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Hapo kuna juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, mishikaki ya samaki, na "pizza ya Zanzibar", ambayo kwa kweli ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa: unga uliotandazwa mwembamba, nyama ya kusaga, kitunguu na yai, vikakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Ile ya chokoleti ni ya watalii. Samaki waliopangwa tangu magharibi bila barafu ni vizuri kuwaacha, na bei iulizwe kabla ya kutia mdomoni.

Hapo ndipo leseni ya mtembezaji inapoonekana faida yake. Watembezaji rasmi hutambuliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Vijana wasio na kitambulisho, ambao mjini wanaitwa papasi, hupeleka wageni penye kamisheni nono. Kosa hilo, hata hivyo, haliwahusu papasi peke yao. Ziara iliyolipiwa kwa dola inaweza kumwachia muuzaji bei ya bakuli moja tu, huku wageni kumi wakimzibia wateja wake wa kila siku. Kundi la watu wanne au watano linatosha. Wavae kwa staha, watangulize salamu, wale kwa mkono wa kulia, na waombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hupinduka. Mchana hakuna kula hadharani, na mikahawa mingi hufungwa. Alasiri, hata hivyo, mitaa hujaa mikate ya ufuta: unga wa chachu na tui la nazi hugandishwa kwenye kikaango, kisha kikaango hugeuzwa kifudifudi juu ya makaa ili upande wenye ufuta uive. Mgeni anaweza kutazama, kununua na kufungasha. Kuonja ni baada ya adhana ya magharibi, na watembezaji wengi wenyewe wamefunga, kwa hiyo ziara ya mwezi huo huanza wakishafuturu.